ARDHI YA RUBONDO HAIKUWA TUPU



Kuna ubishi ambao tumeukuta kila mara tulipofika Nakivale kwa kazi za Chama, hasa upande wa Rubondo. Huanzia kwenye mpaka wa shamba la mahindi au kwenye njia ya ng'ombe kwenda majini. Huyu husema: ardhi hii ni ya babu zetu, ninyi ni wageni. Yule hujibu: tulipoletwa hapa palikuwa pori tupu, nyasi na mbung'o, na sisi ndio tuliopafyeka. Wote wawili ni watu wa jembe. Wote wawili wakiamka alfajiri huenda kutafuta leja-leja, yaani kibarua cha siku, kwenye migomba ya mtu mwingine. Na wote wawili, tunavyoona sisi, wameianza hadithi katikati.

Kwa hiyo safari hii tunaacha kidogo habari za mishahara na mikataba tuzungumze juu ya mambo ya kale ya Isingiro na Mbarara: mawe, vigae, mahandaki na mashimo ambayo watu wa zamani waliyaacha katika ardhi tunayoilima.

Tuondoe kwanza mkanganyiko wa jina. Ndugu zetu wa Tanzania wakisikia Rubondo hufikiria kile kisiwa cha Ziwa Viktoria chenye hifadhi ya wanyama. Rubondo yetu haina kisiwa. Ni sehemu mojawapo ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda. Kabla ya mwaka 2006 Isingiro yote ilikuwa ndani ya wilaya ya Mbarara, ndiyo maana wazee bado husema "kwetu Mbarara" hata wakiwa mbali na mji. Makazi yamepewa jina la Ziwa Nakivale. Ziwa hilo ni mmoja wa mlolongo wa maziwa madogo na vinamasi vinavyopata maji ya mto Rwizi, mto ule ule unaopita katika mji wa Mbarara. Upande wa kusini uko mto Kagera, na ng'ambo ya Kagera ni Tanzania.

Mto huo wa Kagera ndio unaotunza daftari la zamani kuliko yote.

MAWE YA NSHONGEZI

Nshongezi iko ukingoni mwa Kagera, katika Isingiro hii hii. Mtu anayepita ataona mto, majani marefu na vilima. Lakini kingo za mto zimepangika kama ngazi, kwa sababu maji ya zamani hayakukaa mahali pamoja. Yalipanda, yakashuka, yakaacha tabaka za changarawe na udongo, na ndani ya tabaka hizo yakafukia vitu vya watu.

Mwingereza E. J. Wayland, aliyefika Uganda mwaka 1919 kuongoza idara ya uchunguzi wa miamba, ndiye aliyeanza kuyaandika mambo haya. Kazi aliyoajiriwa ilikuwa kutafuta madini ya kuinufaisha serikali ya kikoloni. Lakini macho yake yaliona pia mawe yaliyochongwa. Mwaka 1920 aliona vyombo vya mawe karibu na Ghuba ya Sango, pale Kagera inapokaribia kuingia Ziwa Viktoria, na kutokana na ghuba hiyo wataalamu wa dunia nzima wakapata jina la aina moja ya vyombo vya kale, ambalo hulitumia mpaka kwa vitu vilivyopatikana Kongo na Angola. Huko Nshongezi yakapatikana mashoka ya mkono ya zamani zaidi: jiwe gumu limechongwa pande zote mbili, mbele lina ncha, nyuma limeachwa nene ili likae vizuri kiganjani. Halina mpini. Wataalamu wanayapa mashoka ya namna hiyo umri wa miaka laki kadhaa. Baada ya Wayland walikuja wengine, na katika miaka ya 1960 tabaka hizo zilifukuliwa upya kwa uangalifu zaidi.

Ndugu anayefanya kazi ya kuponda kokoto atatuelewa upesi. Jiwe halichongeki kwa nguvu tu. Ni lazima ulijue linapasukia upande gani, ulipige kwa pembe inayofaa, na ujue wakati wa kuacha, maana pigo moja la ziada linaharibu kazi ya asubuhi nzima. Mtu wa Nshongezi alilijua hilo, akamfundisha mwanawe, na mwana akamfundisha wake. Hii ni kazi ya ufundi yenye mafunzo, na ilifanyika karibu na Rubondo kabla hakujawa na Mnyankole, Mnyarwanda, Mrundi, Mkongo wala Mwingereza duniani.

PANGO NA KISIWA

Karibu na hapo kuna pango la jabali ambalo wataalamu walilichimba kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, kisha likachimbwa tena mwanzoni mwa miaka ya 1960. Pango hili lina faida moja kubwa: watu walikaa humo nyakati mbali mbali, na kila waliokaa waliacha takataka zao juu ya takataka za waliotangulia.

Mfanyakazi wa ghala hahitaji kufundishwa jambo hili. Magunia yaliyoingia kwanza yako chini, yaliyoingia jana yako juu. Ikiwa hakuna aliyeyavuruga, unaweza kusoma historia ya ghala kwa kutazama rundo. Hivyo ndivyo wataalamu wa mambo ya kale wanavyosoma ardhi. Zaidi ya hapo wana njia ya kupima mkaa wa zamani. Kila kitu kilichokuwa hai kina kiasi fulani cha kaboni inayopungua polepole baada ya kufa, kwa kipimo kinachojulikana. Wakipata kaa la mti katika jiko la kale, wanaweza kukadiria mti ule ulikatwa zamani gani.

Katika tabaka za chini za pango la Nshongezi kulikuwa na vijiwe vidogo vikali vya watu walioishi kwa kuwinda na kuokota. Kisha vikaja vigae vya vyungu. Vigae vya aina moja vinaitwa Kansyore, kwa jina la kisiwa kidogo katika mto Kagera jirani na hapo. Vyungu vya Kansyore vilipambwa kwa kugandamiza alama nyingi nyingi juu ya udongo mbichi. Vigae vya jamii hiyo vimepatikana kuzunguka Ziwa Viktoria, hata magharibi ya Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Waliovitumia walikuwa wavuvi, wawindaji na waokotaji. Walifinyanga vyungu maelfu ya miaka kabla ya mtu yeyote wa huku kupanda mtama au kufua chuma. Shuleni tulifundishwa kwamba chungu huja na jembe. Watu wa Kagera hawakuingojea shule.

Juu ya hivyo vinakuja vyungu vya watu wa kwanza wa chuma na kilimo, vingine vikiwa na kishimo cha kidole chini ya kitako. Juu kabisa viko vyungu vilivyopambwa kwa kuviringisha kamba ya majani iliyosokotwa. Aina hii ya mwisho ilienea sana katika miaka elfu moja iliyopita, na ndiyo ambayo mkulima wa leo anaweza kuitambua bila mtaalamu. Ukichimba shimo la choo au msingi wa nyumba ukakuta kigae chenye mistari midogo iliyosukwa, umeshika kazi ya mfinyanzi aliyetumia kamba ya nyasi. Na mara nyingi katika nchi hizi mfinyanzi alikuwa mama.

TANURU ZA NG'AMBO

Tukivuka Kagera kwenda upande wa Bukoba tunafika Katuruka. Tunavuka kwa makusudi, maana mpaka huu ulichorwa na Wazungu juu ya karatasi, na watu wa kale hawakuujua.

Huko Katuruka, kuanzia mwaka 1970, Mmarekani Peter Schmidt alichimba mahali ambapo wazee wa Kihaya walimwonyesha. Hakupaotea mwenyewe. Wazee walikuwa na masimulizi juu ya mfalme Rugomora Mahe na mnara wa chuma aliotaka uende mpaka mbinguni, na mti mmoja ulihifadhiwa kama kumbukumbu ya mahali hapo. Ardhi ilipofunguliwa, palikutwa mabaki ya ufuaji wa chuma yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Masimulizi yalikuwa yameshikilia mahali penyewe wakati maandishi hayakuwapo.

Mwaka 1976 wazee wa Kihaya waliokumbuka kazi hiyo walijenga tena tanuru, wakayeyusha mawe ya chuma watu wakitazama. Walichoma majani ya kinamasi ndani ya shimo kuwa kitanda cha mkaa. Waliingiza bomba za udongo ndani kabisa ya tanuru, hivyo hewa ya mivukuto ilipata moto ndani ya bomba kabla haijafika kwenye mkaa. Joto likapanda sana, na sehemu ya chuma kilichotoka ilikuwa pua, yaani kile chuma kigumu cha kutengenezea visu na patasi. Habari hizo zilichapishwa katika jarida la wanasayansi la Marekani mwaka 1978. Wako walioshangaa, kwa sababu kupasha hewa moto kabla ya kuiingiza katika tanuru ni ufundi ambao viwanda vya Uingereza vilijivunia katika karne ya 19.

Tunaomba ndugu wa viwanda vya chuma wafikirie mivukuto hiyo. Mtu mmoja hawezi kuifanya kazi hiyo. Inataka zamu, wimbo wa kushika mwendo, mwenye kuchoma makaa, mwenye kuleta udongo, mwenye kusoma rangi ya moto. Mabaki yake ardhini ni mavi ya chuma na vipande vya bomba. Ukikuta shambani vitu vyeusi vizito kama jiwe lililoyeyuka, usidhani ni jiwe la kawaida. Hapo palikuwa na kiwanda.

WAFALME HAWAKUJENGA KWA MAWE

Watu wa pwani wakija huku huuliza: magofu yako wapi? Kwao kuna Kilwa na Gedi, kuta za matumbawe, misikiti na makaburi ya nguzo. Isingiro hakuna hayo, na wageni wengi walikata shauri kwamba kama hakuna kuta basi hakuna historia.

Ufalme wa Nkore ulianzia katika nchi hii hii ya Isingiro na vilima vyake. Wenyewe waliiita Kaaro-Karungi, nchi nzuri. Mfalme, Omugabe, alikaa katika boma la miti, nyasi na miiba, na boma hilo lilihama. Malisho yakiisha, au mfalme akifa, watu walijenga kwingine. Nyumba ya nyasi ikishaoza haiachi ukuta. Inaacha jivu, samadi, mifupa na vigae, na nyasi zinazoota juu yake huwa za kijani zaidi kuliko za jirani.

Masimulizi yanasema mfalme wa kwanza wa ukoo huo, Ruhinda, alikuwa mwana wa Wamala, wa mwisho wa Bacwezi, na mama yake alikuwa Njunaki, mjakazi wa nyumbani. Bacwezi wenyewe wanasimuliwa kama watu nusu miungu waliotawala kisha wakatoweka. Hatutaki kubishana na masimulizi ya wazee. Tunasema tu kwamba tumefurahi kumkuta mtumishi wa nyumbani kwenye mlango wa ukoo wa kifalme.

Kazi kubwa za ardhi zinazohesabiwa kuwa za Bacwezi ziko kaskazini-mashariki ya Mbarara, katika nchi ya Sembabule. Bigo bya Mugenyi, kando ya mto Katonga, ni mahandaki yenye urefu wa zaidi ya kilometa 10 yakijumlishwa, mengine yana kina cha mita kama 4, na mahali fulani yamekatwa katika mwamba. Wataalamu wanayaweka kati ya karne ya 14 na ya 16 hivi. Ntusi, isiyo mbali na hapo, ni ya zamani zaidi: vilima viwili vikubwa vya takataka vya karne nyingi za watu, vinavyoitwa dume na jike, vyenye mifupa mingi ya ng'ombe, mawe ya kusagia nafaka, na hata shanga chache zilizofika kutoka Bahari ya Hindi. Pembeni kuna bonde lililochimbwa, Bwogero, ambalo watu wengi wanaona lilikuwa la kunyweshea ng'ombe.

Masimulizi yanamtaja Mugenyi na ng'ombe wake mpendwa, Bihogo, na jinsi alivyotaka kujiua ng'ombe huyo alipokufa. Jina la ng'ombe limehifadhiwa. Waliochimba kilometa 10 za handaki kwa vijembe vidogo na vikapu hakuna hata mmoja aliyetajwa. Tulipokaa na kufikiria hesabu ya vikapu tuliacha.

Njiani kutoka Mbarara kwenda Masaka, mahali paitwapo Biharwe, umejengwa mnara wa kumbukumbu ya siku ambayo jua lilipatwa vitani. Masimulizi yanasema mfalme wa Bunyoro alikuwa ameteka ng'ombe wengi wa Nkore, ghafla giza likaingia mchana, jeshi lake likakimbia na kuwaacha ng'ombe. Wengi husema ni kupatwa kwa jua kwa tarehe 17 Aprili 1520, ingawa wanahistoria hawajaafikiana wote. Kama tarehe ni kweli, ni moja ya siku chache za kale katika nchi za bara ambazo tunaweza kuzipachika kwenye kalenda. Hapo hapo Biharwe kuna kituo cha utamaduni cha Igongo chenye makumbusho. Ndugu wa viwanda vya maziwa vya Mbarara wanaopita kila siku kwa basi wangeweza kushuka mara moja.

Chini ya Omugabe jamii iligawanyika: Bahima wafugaji na Bairu wakulima. Bairu ndio waliofua mikuki, waliochonga vyombo vya maziwa, waliolima mtama na ulezi, na waliotoa ushuru wa pombe na chakula. Sehemu kubwa ya vitu vinavyofukuliwa leo ni kazi ya mikono ya Bairu. Habari zinazosimuliwa zaidi ni za ng'ombe.

NAMNA NCHI ILIVYOTUPUKA

Sasa tunarudi kwenye ule ubishi wa mpaka wa shamba. Anayesema alikuta pori hasemi uongo. Lakini pori hilo lilitengenezwa na maafa yanayojulikana.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliingia Afrika Mashariki, ikaua sehemu kubwa mno ya ng'ombe wa Nkore. Nchi inayoishi kwa maziwa ikakosa maziwa. Pamoja na sotoka yalikuja magonjwa ya watu, na vita. Mwaka 1895 akafa Omugabe Ntare V, na muda si mrefu Waingereza wakashika. Mwaka 1901 waliandika mkataba uliokuza Nkore kuwa wilaya ya Ankole kwa kuziunganisha nchi ndogo za jirani.

Ng'ombe wakiisha, hakuna wa kula nyasi wala wa kukanyaga miche ya miiba. Kichaka kinapanda, wanyama wa pori wanarudi, na pamoja nao mbung'o. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 mbung'o walienea mashariki mwa Ankole, wakawasukuma wafugaji na wakulima nje. Serikali ya kikoloni ikaigeuza sehemu ya nchi hiyo kuwa ya uwindaji unaodhibitiwa mwaka 1933, ikawa hifadhi ya wanyama mwaka 1963, na sehemu yake ndiyo Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo tangu mwaka 1983. Kufikia miaka ya 1950 na 1960 serikali ilikuwa ikipiga risasi wanyama na kukata vichaka ili kuwaondoa mbung'o.

Kwa hiyo aliyefika mwaka 1960 akaona nyasi na miti ya miiba aliona nyumba ambayo wenyewe wamekimbia, paa limeanguka, magugu yameota sebuleni. Na yule anayesema ni ya babu zetu naye ana haki ya kukumbuka, ila kabla ya babu zake palikuwa na wa kamba ya nyasi, na kabla yao wa kishimo cha kidole, na kabla yao wavuvi wa Kansyore, na kabla yao wenye mashoka ya mawe. Katika hao, wengi walitoka kwingine.

NJIA YA WAPAGAZI

Kuna mabaki mengine ambayo hakuna mtaalamu aliyeyawekea uzio. Ni njia.

Tangu miaka ya 1920 maelfu kwa maelfu ya watu wa Rwanda na Burundi, zilizokuwa chini ya Wabelgiji, walivuka mpaka na kupita Ankole kwa miguu kwenda kutafuta kazi Buganda: kulima pamba na kahawa za Waganda, na kukata miwa katika mashamba makubwa ya Lugazi na Kakira. Walikimbia kodi na kazi za kulazimishwa kwao. Njaa ya Rwakayihura ya mwaka 1928 na 1929 iliwasukuma wengine wengi zaidi. Waganda waliwaita abapakasi, neno lililozaliwa na pagazi la Kiswahili. Safari ilikuwa ya majuma kadhaa, chakula kidogo, maji mabaya. Wengi walikufa njiani kwa kuhara na njaa, wakazikwa pembeni mwa njia au hawakuzikwa. Baadaye serikali ikaweka vituo vya kupumzikia na kukagua wanaovuka, maana mashamba yalihitaji mikono.

Mwaka 1905, kabla ya hao, afisa Mwingereza aitwaye Galt aliuawa kwa mkuki huko Ibanda. Mawe yakarundikwa kuwa ukumbusho wake, na lundo hilo lipo mpaka leo. Wageni hupelekwa kulitazama. Kwa wapagazi wa njia ya Ankole hatukuona jiwe hata moja. Wengi wenu mnaosoma ukurasa huu Lugazi na Kakira ni wajukuu wao.

Wengine walibaki papa hapa. Kusini mwa Ankole kulikuwa na migodi ya madini ya bati, Mwirasandu na Kikagati, iliyofanya kazi wakati wa Waingereza. Mashimo yake ni mabaki ya kale ya namna yake: mabaki ya kiwanda. Huko Kikagati, juu ya Kagera, kulikuwa pia na mtambo mdogo wa umeme wa maji uliojengwa wakati huo, nao ukaharibiwa katika vita vya 1979. Kituo kipya, ambacho Uganda na Tanzania zinagawana umeme wake, kilizinduliwa na marais wa nchi hizo mbili mwaka 2023.

Vita hivyo vya 1979 viliacha alama kwingi Mbarara. Majeshi ya Tanzania yaliuteka mji mwezi wa Februari mwaka huo, baada ya Amin kuivamia Kagera mwishoni mwa 1978, na majengo mengi yaliharibiwa. Watu wa umri wetu walizaliwa wakati huo au muda mfupi baadaye, wakakulia kati ya kuta zenye matundu.

Kuanzia mwaka 1959 Watutsi wa Rwanda walianza kuvuka wakikimbia mauaji. Nakivale ilitambuliwa rasmi kuwa makazi ya wakimbizi mwaka 1960, na jirani yake Oruchinga ni ya miaka hiyo hiyo. Mwezi wa Oktoba 1982 watu wenye asili ya Rwanda, wakiwamo waliozaliwa Ankole na baba zao, walifukuzwa mashambani mwao. Maelfu wakarudi Rwanda, maelfu wengine wakasukumwa ndani ya makazi haya. Baadaye wakaja Wakongo, Warundi, Wasomali na wengine, hata leo makazi yana zaidi ya watu laki moja, na Kiswahili ndicho kinachowauzia nyanya na kuwasuluhisha. Juu ya tabaka zote tulizozitaja, hili nalo ni tabaka: bati la paa, turubai la msaada, sufuria ya alumini.

JEMBE NA KIGAE

Jambo linalotusumbua ni hili. Watu wengi wanahitaji matofali, mchanga, changarawe ya barabara na mkaa. Kila tanuru la matofali linataka udongo, na udongo mzuri mara nyingi uko pale pale ambapo watu wa kale walikaa, karibu na maji. Machimbo ya mchanga kando ya mito hula kingo zenye tabaka. Hatuwalaumu wanaochimba, ni wenzetu, wanalipwa kwa tripu, na tumbo halingojei makumbusho. Lakini tabaka likishavurugwa halipangiki tena. Shoka la jiwe lililotolewa mahali pake na kutupwa kwenye lori la changarawe linabaki kuwa jiwe tu, kwa sababu hakuna anayejua lilikuwa chini ya nini na juu ya nini.

Sheria ya kulinda mambo ya kale ipo Uganda tangu mwaka 1967, na mwaka 2023 ikatungwa sheria mpya ya makumbusho na kumbukumbu za kale. Makumbusho ya Taifa, yaliyoanzishwa mwaka 1908, yako Kampala kwenye kilima cha Kitante tangu mwaka 1954.

Kwa hiyo, ndugu, ukiwa unachimba Rubondo au kwingineko ukakuta jiwe lililochongwa pande mbili, vigae vingi mahali pamoja, bomba la udongo lililoungua, mavi ya chuma au mifupa ya mtu, simamisha jembe mahali hapo. Usikioshe kitu hicho wala usikipeleke nyumbani. Weka alama ya kijiti, pima kina kwa mpini wa jembe, halafu mwambie mwenyekiti wa kijiji au mkuu wa kambi afikishe habari kwenye ofisi ya wilaya. Ukiwa kazini kwa mwajiri, mweleze msimamizi mbele ya mwakilishi wa wafanyakazi, na muda wa kusimama uandikwe kuwa muda wa kazi, ulipwe.